Maswali ya wasomaji: "Mwanangu kachezewa bwenini, ndo keshageuka?"

Mwezi huu barua ni nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, kwamba mtu anakuwa alivyo kwa sababu alizaliwa hivyo, au kwa alivyolelewa, au kuna kitu kilimpata utotoni. Nimechukua nne, vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa manake huyo mtoto anahitaji msaada leo, hawezi kusubiri toleo lijalo.

*

Anti shikamoo. Nakuandikia sina raha kabisa. Nina mtoto wa kiume ana miaka 10, yuko darasa la nne, shule ya bweni, ada tunalipa kwa kujinyima. Likizo ya mwezi wa sita karudi nikaona anakojoa kitandani, kitu alichoacha tangu yuko chekechea, na kuoga hataki mtu asogee. Siku moja dada yake anamfulia akakuta chupi ina damu, ndo tukamkalisha akasema kuna kaka wa darasa la saba anakuja kitandani kwake taa zikizimwa, na kamwambia akisema atamuua. Tumeenda shule mwalimu mkuu anasema tuyamalize, yule mtoto watamhamisha na sisi tusilipe ada ya muhula ujao. Baba yake toka siku ile haongei. Shemeji yangu ndo kaniumiza zaidi, kasema mbele za watu kwamba huyo ndo basi tena keshageuka. Mama mkwe anataka tumpeleke kwa mtaalamu akaogeshwe dawa. Na mimi Anti sikufichi, namwangalia anavyotembea, anavyokaa, akicheka kwa sauti nyembamba moyo unanipasuka. Ni kweli atageuka? Nifanye nini asigeuke?
Mama J, Morogoro

Marahaba Mama J, na pole sana mdogo wangu, pole kwako na pole zaidi kwa mwanao ambaye kabeba kitu kizito hivyo muhula mzima peke yake.

Naanza na hospitali kwa sababu barua yako yote haijaitaja hata mara moja. Mtoto katoka damu. Mpeleke, na ukifika sema kilichotokea kama kilivyo, usiseme kaanguka kwenye mti. Watamwangalia kama ana jeraha ndani, watampima virusi vya ukimwi, homa ya ini, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa. Zile dawa za kuzuia virusi zinaanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, kwa mwanao muda umeshapita, kwa hiyo ni lazima vipimo virudiwe kwa tarehe watakazokupa, msipime mara moja mkaridhika. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, watawaandikia PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na watawasikiliza chemba, siyo pale kaunta watu wamejipanga. Na hospitali nyingine kubwa zina kituo cha mkono kwa mkono, daktari na polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja, uliza kama ya kwenu ipo. Ukikwama popote piga 116, ni bure, ni simu ya huduma kwa watoto.

Ile ofa ya ada usiiguse. Kulawiti mtoto ni jinai, na kesi ya jinai ni ya Jamhuri, mwalimu mkuu hana mamlaka ya kuisamehe ofisini kwake kwa bei ya muhula mmoja. Halafu fikiria, yule wa darasa la saba naye ni mtoto wa miaka 13 au 14, inawezekana kabisa kuna mtu alimuanza yeye, na wakimhamisha kimyakimya anakwenda kulala bweni lingine lenye watoto wengine wa miaka 10 ambao mama zao hawajui kitu. Na kwenye bweni la mwanao, wale vitanda vya jirani nao nani kawauliza?

Sasa swali lako, kama atageuka, yaani awe mtu wa kupenda wanaume wenzake. Mwaka 2009 serikali yetu pamoja na UNICEF walifanya uchunguzi nchi nzima, wakawauliza vijana wa miaka 13 mpaka 24 mambo waliyofanyiwa wakiwa watoto. Wasichana karibu 3 kati ya 10, na wavulana karibu 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18, kuanzia kushikwashikwa mpaka kuingiliwa. Kenya walipouliza mwaka 2010 wavulana walikuwa kama 18 kwa kila 100. Chukua darasa lenye wavulana 42, kwa hesabu yetu ya 1 kati ya 7 hapo ni kama sita. Hao wanaume wapo mtaani kwenu, ni madereva, ni walimu, ni wazee wa kanisa, wengi wana wake na watoto na hawajawahi kumwambia mtu. Kama kuchezewa utotoni kungekuwa kunamgeuza mtu kama shemeji yako anavyosema, nchi hii ingekuwa na sura nyingine kabisa.

Nisikufiche, kuna mjadala. Tafiti nyingi zimeona kwamba watu wazima wanaopenda jinsia yao wanataja zaidi kuwa walichezewa utotoni kuliko watu wengine, na wapo wataalamu wachache wanaosoma hapo kwamba kile ndicho kilichosababisha. Wengi wanasoma kinyume, kwamba mtoto mpole, mpweke, anayechekwa na wenzake kwamba anajifanya msichana ndiye mshambuliaji anayemtafuta, kwa sababu anajua huyo hana wa kumsemea. Na pia mtu ambaye keshajikubali hali yake anakuwa mwepesi kusema mengine yaliyompata kuliko yule baba wa watu mwenye heshima zake. Mimi niko na hawa wa pili, na sababu yangu kubwa ni mabinti zetu. Watatu kati ya kumi, na wengi waliowafanyia ni wanaume, mbona hakuna shemeji anayesema huyu binti sasa atapenda wanaume kwa sababu mwanaume alimbaka? Tunajua kabisa kwamba ubakaji haumfundishi mtu kupenda, kwa wavulana ndo ghafla tunasahau.

Kuna jambo moja wazazi hawalijui na linawatesa sana hawa watoto wa kiume. Mwili wa mvulana unaweza kusimama hata akiwa anaogopa, hata akiwa anaumia, ni mwili tu unajibu kuguswa kama macho yanavyotoa machozi ukikata kitunguu. Mtoto haelewi hilo. Anabaki anawaza mbona mwili wangu ulikubali, basi nilitaka, basi mimi ndo hivyo wanavyosema. Wengine wanabeba hilo swali mpaka miaka 40 na linaharibu ndoa zao. Mshauri mzuri atamwambia hilo mapema kwa maneno ya umri wake, na wewe ukiweza mwambie.

Kwa hiyo acha kumwangalia anavyotembea mama yangu, anakuona. Mtoto wa miaka 10 anajua kabisa mama yake anatafuta nini akimwangalia hivyo, na anajifunza hapo hapo kwamba kuna kitu kibaya kimeingia ndani yake. Vya kuangalia ni vingine: halali, anaota akipiga kelele, hasira za ghafla, shule kushuka, kuacha kula, kutaka kujiumiza, au kuanza kuwafanyia wadogo zake kama alivyofanyiwa. Hicho cha mwisho ukikiona usimpige, ni dalili kwamba anahitaji msaada wa haraka, muone ustawi wa jamii au mtaalamu wa afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa. Kukojoa kitandani kutapungua akianza kujisikia salama, badilisha shuka bila maneno. Na bwenini asirudi.

Mambo ya kuogeshwa dawa mwambie mama mkwe kwa heshima hapana, manake mtoto akivuliwa nguo na mtu mzima asiyemjua akashikwa mwili, huyo anaonja yale yale.

Amebaki baba yake. Kuna uwezekano mwanao anausoma ukimya wake kama chuki, wakati huenda mwenzako analia ndani kwamba alishindwa kumlinda, na huenda (nasema huenda) na yeye ni mmoja wa wale sita. Mwombe atoke na mtoto peke yao, waende shamba au kuangalia mpira, na amwambie maneno machache tu: najua kilichokupata, hukukosea chochote, mimi ni baba yako na siendi popote. Asihubiri. Halafu waendelee na mpira.

*

Anti habari. Mimi ni kijana wa miaka 23 niko Mombasa. Baba alifariki nikiwa na miaka 2, nimelelewa na nyanya na mashangazi wanne, nyumba nzima wanawake. Tangu nikiwa kama miaka 12 nilijua mimi navutiwa na wavulana na sijawahi kuambia mtu. Nimesoma mahali kwamba mtoto wa kiume akikosa baba na akilelewa na wanawake ndio anakuwa hivi, tangu hapo nimeanza kuwakasirikia watu wa nyumbani mpaka nyanya ananiuliza nimemkosea nini. Kaka zangu watatu wako sawa, wote wameoa. Sasa kuna mpango niozwe binti ya jirani Desemba. Kuna mtu pia ananiambia ana maombi ya kunitoa hii roho lakini yanataka pesa kiasi. Je kweli ni malezi? Na nikioa itaisha?
Kijana, Mombasa

Mwanangu, umejijibu mwenyewe na hukuona. Kaka zako watatu walikosa baba yule yule, wakalelewa na nyanya yule yule, wakala sinia moja na wewe, na wote wameoa. Na geuka uangalie pwani nzima, nyumba ngapi baba yuko baharini au yuko Uarabuni anatuma pesa, na watoto wa kiume wamekulia mikononi mwa wanawake.

Hiyo uliyosoma ina historia. Freud, yule daktari wa akili wa Austria, mwaka 1905 ndo alianza kuyafungamanisha haya na utoto, halafu Marekani mwaka 1962 daktari Irving Bieber na wenzake wakasema chanzo ni mama anayembana mtoto na baba aliye mbali. Shida yao ni kwamba waliwasoma wagonjwa tu, watu waliokuwa tayari kwenye matibabu ya akili. Kabla yao, mwaka 1957, mwanasaikolojia Evelyn Hooker alikuwa ameshachukua wanaume 30 wanaopenda wanaume ambao si wagonjwa na 30 wasiokuwa hivyo, akawapa vipimo vya kisaikolojia, akawapelekea mabingwa majibu bila majina, wakashindwa kuwatofautisha. Mwaka 1981 ukatoka utafiti mwingine wa San Francisco, watu karibu 1,500 walihojiwa kuhusu mama, baba, na utoto wao, na malezi yakaonekana hayana uzito uliokuwa ukidhaniwa. Huyo Freud mwenyewe mwaka 1935 alimwandikia mama mmoja wa Marekani kuhusu mwanawe, akamwambia hali hiyo si ya kuonea aibu na si ugonjwa.

Basi ni kuzaliwa? Hapo nako usikubali mtu akudanganye kwamba kila kitu kimeshajulikana. Mwaka 2019 walichambua vinasaba vya watu karibu laki tano, hawakukuta kinasaba kimoja kinachoamua, walikuta vingi kila kimoja kina mchango kidogo sana, na huwezi kumpima mtu damu ukasema huyu atakuwa hivi. Mapacha wa kufanana kabisa mara nyingi mmoja yuko hivyo na mwenzake hayuko. Kuna pia hili ambalo limeonekana kwenye tafiti nyingi, kwamba mvulana mwenye kaka wengi wa mama mmoja juu yake ana uwezekano mkubwa kidogo, na wengine wanadhani ni mambo ya tumboni mwa mama, ingawa hata hilo bado linabishaniwa. Ninachoweza kukwambia bila wasiwasi ni kwamba nyanya yako hana kosa, na leo jioni kaa naye, umwombe radhi kwa hasira zako, huna haja ya kumweleza sababu.

Pesa ya maombi usitoe. Kusali ni kwako na Mungu wako na hakuna bei. Marekani kulikuwa na shirika kubwa la Kikristo linaitwa Exodus International lililoahidi kubadilisha watu kwa miaka mingi, mwaka 2013 likafungwa na kiongozi wake akaomba radhi kwa watu walioumizwa. Na Robert Spitzer, daktari aliyeandika mwaka 2003 kwamba baadhi ya watu hubadilika, mwaka 2012 aliomba radhi na kusema utafiti wake haukuthibitisha hivyo.

Kuoa. Mwanangu huyo binti wa jirani ni mtu, ana moyo wake na maisha yake, usimfanye dawa. Atalala pembeni yako miaka akijiuliza ana kasoro gani, na wewe utarudi kwangu na barua nyingine. Waambie nyumbani bado hujajipanga, kazi haijakaa vizuri, hiyo ni sababu ambayo kila mzee anaielewa na pengine ni kweli.

Na ujilinde. Kenya sheria ya kifungo cha mpaka miaka 14 bado ipo, Mahakama Kuu ilikataa kuifuta mwezi Mei 2019. Kuna matapeli wanajifanya marafiki kwenye simu, wanakuita mahali, wanakupiga picha na kukudai pesa. Chagua kwa makini sana wa kumwambia, anza na mtu mmoja ambaye umeshamuona akitunza siri nzito ya mtu mwingine. Ukiona mawazo ya kujiua yanakuja usikae peke yako, nenda hospitali ukaone mtu wa afya ya akili, si lazima umweleze yote siku ya kwanza, mwambie tu hulali na umechoka kuishi.

*

Anti shikamoo, mimi ni baba wa mtoto wa wiki mbili, niko Dodoma. Mke wangu kajifungua salama ila mtoto sehemu za siri hazieleweki, nesi alisema kwanza ni mvulana halafu akasema msichana. Daktari mmoja anasema tumfanyie upasuaji mapema tumfanye wa kike kwa sababu ni rahisi, mtoto hatakumbuka. Wakwe wanasema ni laana. Tumeshindwa hata kumpa jina. Nifanyeje?

Marahaba baba, hongera ya mtoto, naona hakuna aliyekupa hongera.

Kabla ya yote, leo, muulize daktari kama mtoto amepimwa chumvi za mwili na homoni kwenye damu. Kuna hali moja ambapo tezi zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni inavyotakiwa, mtoto wa kike anazaliwa sehemu zake zinafanana na za kiume, na wengi wao wanapoteza chumvi mwilini ndani ya wiki za mwanzo. Mtoto anatapika, hanyonyi, analegea, haongezeki uzito, na anaweza kufa huku watu wakisema ni laana au degedege. Inatibika kwa dawa. Akionyesha hizo dalili usingoje asubuhi. Na kama hana njia nzuri ya mkojo hapo upasuaji ni wa lazima, huo ni wa kuokoa maisha na sina neno nao.

Ila huu wa "tumfanye wa kike, hatakumbuka" nakuomba uusimamishe kwanza, na nitakwambia kwa nini. Winnipeg, Canada, mwaka 1965 walizaliwa mapacha wa kiume. Wakiwa na miezi kama minane mmoja wao alipelekwa kutahiriwa kwa kifaa cha umeme, kikamuunguza uume wote. Wazazi, vijana wadogo tu, wakamuona kwenye televisheni profesa John Money wa Johns Hopkins Marekani akieleza kwamba mtoto mchanga kichwani mwake hajawa wa kike wala wa kiume, anakuwa vile utakavyomlea. Wakampelekea. Mtoto akakatwa korodani kabla hajatimiza miaka miwili, akapewa jina Brenda, na wazazi wakaambiwa wasimwambie kamwe. Money akaandika duniani kote kwamba mambo yamekwenda vizuri, na kwa miaka mingi madaktari walitumia kisa hicho kuwapasua watoto kama wako.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine kabisa. Mtoto alikuwa anararua magauni, anataka kukojoa amesimama, shuleni wanamcheka, anagoma kwenda kwa huyo profesa. Mwaka 1980 akiwa na miaka 14 baba yake akashindwa, akamwambia ukweli. Akajiita David, akarudi kuishi kama mwanaume, baadaye akaoa. Ukweli ulichapishwa mwaka 1997 na Milton Diamond na Keith Sigmundson, na David Reimer mwenyewe akakubali jina lake lijulikane ili watoto wengine wasifanyiwe hivyo. Pacha wake alifariki 2002, na yeye akajiua mwaka 2004, ana miaka 38. Nakwambia hadi huko mwisho kwa sababu yule mtoto alipata malezi ya kike kamili, nguo, jina, midoli, tangu kabla ya kumbukumbu, baadaye na homoni, na bado hayakumgeuza. Wanaosema mazingira ya utoto ndo kila kitu walipata mfano wao, na mfano ukawakataa.

Mwanao hayuko sawa na David, yeye kazaliwa na mwili uliochanganyika na hamna anayejua leo atajiona nani. Ndo maana usimkate kitu ambacho hakirudi. Mpime vizuri, damu, homoni, kromosomu, picha ya tumbo, halafu na madaktari mchague kumlea kama msichana au mvulana kwa kadiri vipimo vinavyoelekeza, mpe jina (yapo majina mazuri yanayokaa kote kote), na akili zenu zibaki wazi. Jina na nguo vinabadilika. Kama daktari wako hana uzoefu omba rufaa kwenda kwa wataalamu wa homoni za watoto.

Kuhusu laana, waambie wakwe kwamba wanazuoni wa Kiislamu wameandika kuhusu huntha, yaani mtu aliyezaliwa na alama za kike na za kiume, karne nyingi zilizopita, mpaka mgawo wake wa mirathi, na aliyekuwa mgumu kutambulika walisubiri abaleghe alama zake zionekane. Hawakusema atupwe. Kenya mwaka 2014 mahakama ilisikiliza kesi ya mtoto ambaye hospitali iliandika alama ya kuuliza kwenye sehemu ya jinsia, sensa ya 2019 ikahesabu watu 1,524 wa jinsia tata, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtambua mtoto wa namna hiyo kwa jina. Burundi wana Francine Niyonsaba, aliyepata medali ya fedha mita 800 kule Rio 2016, mwaka 2019 akasema wazi kwamba kazaliwa na homoni nyingi za kiume na hakuchagua, walipomzuia mita 800 kwa kanuni mpya akahamia mbio ndefu, na 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwonyeshe mkeo picha yake.

*

Asalaam alaykum dada. Niko Leicester Uingereza, asili yangu Unguja. Binti yangu wa miaka 14 kaniambia yeye ni mvulana, kakata nywele. Nimeogopa watampa dawa bila idhini yangu. Nataka nimrudishe kwa bibi yake kimyakimya, kwetu haya mambo hayapo. Baba yake alituacha akiwa na miaka 9, nahisi ndo chanzo.

Waalaykum salaam. Dawa kwanza, maana hofu yako imepitwa na wakati. Zile za kusimamisha balehe, huduma ya afya ya Uingereza iliacha kuwapa watoto kama matibabu ya kawaida mwezi Machi 2024, na mwisho wa mwaka huo serikali ikaendelea kuzizuia kwa walio chini ya miaka 18 bila kikomo. Katikati ya hayo mawili ilitoka ripoti ya daktari wa watoto Hilary Cass, Aprili 2024, ikisema ushahidi wa dawa hizo ni dhaifu na mtoto aangaliwe mzima mzima, usonji, huzuni, mambo ya nyumbani. Wapo madaktari na watu waliopita njia hiyo wanaoipinga vikali. Kwako ina maana kwamba hakuna anayempa kitu kesho asubuhi, una muda.

Baba kuondoka kumemuumiza bila shaka, ila hakuna aliyethibitisha kwamba kuondoka kwa baba kunamfanya msichana ajione mvulana. Watoto wangapi Leicester wameachwa na baba. Lizungumze hilo kama jeraha lake lenyewe, usilifanye ufunguo wa kumfungulia hili jingine, atakukwepa. Tafiti za zamani zilisema wengi wa watoto wadogo wenye hali hii iliwaisha wakikua na wengi wao wakawa watu wa kupenda jinsia yao, wakosoaji wanasema tafiti zile ziliwahesabu hata watoto waliokuwa tu watundu wa michezo ya kiume. Kwa msichana anayeanza kusema hivi akiwa na miaka 14 hamna mtu anayeweza kukutabiria, kwa hiyo msikilize bila kumwahidi na bila kumtukana. Nywele zitaota.

Na kwetu yapo dada. Mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika mwaka 1977 kuhusu Sohar, Oman, ambako sisi wa Unguja tuna undugu nako, jinsi wanaume walioitwa khanithi, waliojiweka karibu na upande wa kike, walivyokuwa wanaishi katikati ya watu, na wengine wakaoa baadaye. Simu za mkononi zilikuwa bado.

Kumrudisha kwa hila usifanye. Ataamka Unguja, hana pasipoti, hajui Kiswahili cha kutosha kueleza lililo moyoni, na aliyemdanganya ni mama yake aliyebaki. Kama unataka akamuone bibi yake nendeni wote likizo ya Agosti, tiketi ya kwenda na kurudi, mpe yake aishike aone tarehe, na bibi umwelezee kwa simu kabla hamjapanda ndege kwamba mjukuu wake kakata nywele na hataki kuulizwa uwanjani.